Ruhusa ya Kukata Laini

Sijaona watu wenye adabu ya kukera kama watu wa kwetu Songea, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Mtu wa kwetu ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Akikaribishwa chai imejaa chumvi badala ya sukari, ataimaliza, atasema asante, na atakunywa kikombe cha pili akiombwa. Nimezaliwa Matogoro, nimelelewa hivyo hivyo, nimepigiwa magoti na nimepiga magoti. Lakini kulelewa na jambo si kulipenda, na mimi adabu hii ilinichosha mapema. Sikujua tu kwamba siku moja nitalazimishwa kuiandika ndani ya kompyuta.

Nilirudi nyumbani kutoka Dar wakati mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine. Letu nalo liliuzwa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta, mbele ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, na nilikuwa naijua kazi yangu. Akaja kijana mmoja mwenye tai, akatukusanya, akatuambia tunapunguzwa. Tunapunguzwa! Kama nywele. Akatushukuru kwa ushirikiano wetu, na wenzangu wakampigia makofi. Nilitazama yale makofi nikasema moyoni, haya, kwa watu wa aina hii hata wakituuza sisi wenyewe tutasaidia kubeba.

Basi nikarudi, na mjomba wangu akanipokea kwa furaha kubwa, kwa sababu alikuwa ameshapata homa ya intaneti. Mjomba hakuna biashara ambayo hakuigusa miaka ile. Kila kitu kilikuwa ruksa, naye alikuwa anaruka na kila kilichoruka. Alishauza mabati, alishauza mitumba, alishafuga kuku wa kizungu mpaka wakafa wote. Sasa alikuwa amepanga vyumba viwili Majengo, karibu na soko, na mlangoni ametundika ubao: INTANETI, FOTOKOPI, SIMU, TUNAPIGA LAMINESHENI, NA MAYAI YA KIENYEJI YAPO. Mayai yalikuwepo kweli. Yalikaa kaunta pembeni ya kompyuta.

Kompyuta zenyewe, jamani. Tatu zilikuwa zimeshatupwa na wenyewe huko Ulaya, zikaja kwenye kontena pamoja na baiskeli na magodoro. Moja tu ndiyo ilikuwa na nguvu ya kuonyesha picha, na mjomba aliiweka chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama vile inanyonyesha. Zote zilikuwa zimefungwa kwa waya kwenye ile kongwe kabisa iliyokuwa kaunta, na ile kongwe ndiyo iliyokuwa inapiga simu kwenda kutafuta intaneti. Laini ya simu ilikuwa moja.

Na hapo ndipo penye kisa chote, kwenye ile laini moja. Simu za mkononi tulikuwa tunazisikia tu kwa waliotoka Dar. Kwetu mtu mwenye ndugu mbali alikuwa anampa namba ya duka lenye simu, wanapatana siku na saa, na saa ikikaribia anaoga, anavaa, anakuja kukaa kwenye benchi mpaka simu ilie. Sisi tuliita ahadi ya simu. Nusu ya Majengo na watu wengi wa Matogoro walikuwa wametoa namba ya mjomba kwa ndugu zao. Sasa mteja akiwa ndani kwenye intaneti, laini imeshikwa. Anayepiga kutoka huko aliko anasikia mlio wa bize, anajaribu tena, bize, anakata tamaa. Sisi wa huku hatujui hata kama amepiga. Aliyeoga anakaa kwenye benchi anatazama simu iliyonyamaza.

Mjomba alikuwa anaendesha hayo yote kwa kelele. "Mpwa wangu, nani yuko hewani? Mkate! Hapana, usimkate, huyo ni mwalimu! Nani ana ahadi?" Nilivumilia wiki, halafu nikakaa kwenye ile kongwe nikaanza kuandika programu.

Nitajisifu hapa, maana hakuna mwingine atakayenisifu. Ilikuwa kazi safi. Haikuhitaji picha wala kipanya. Kioo cheusi, kisanduku kimechorwa kwa mistari, na ndani yake maneno manne ya Kiswahili: PIGA, KATA, WALIO HEWANI, AHADI. Unashuka na mshale, unabonyeza, basi. Ukiingia kwenye WALIO HEWANI unaona nani anatumia laini na kwenye mashine ipi. Ukiingia kwenye AHADI unaandika fulani anategemea simu saa fulani. Saa ikikaribia, mteja aliye hewani anatokewa na maandishi: LAINI INAHITAJIKA, MALIZIA. Chini yake kuna mstari unaofupika polepole. Mstari ukiisha, programu inakata yenyewe, na simu inabaki huru kulia. Nilimwonyesha mjomba. Aliitazama kwa huruma, kama mtu anayeonyeshwa mtoto mwenye kasoro.

"Mbona haina rangi?"

"Rangi ya nini, mjomba? Maneno ni manne tu."

"Wateja watasema tumebaki nyuma. Huwezi kuweka hata ua?"

Sikuweka ua. Na programu ilifanya kazi. Watu wakawa wanapokea simu zao. Kelele zikaisha kaunta, mjomba akapata nafasi ya kuuza mayai. Nilidhani tumemaliza.

Kumbe kulikuwa na mzee. Mzee huyu alikuwa meneja wa chama kimoja cha ushirika enzi hizo wakulima wanauza tumbaku yao kwa ushirika, na ushirika ulipokufa wakulima walibaki na stakabadhi, yeye akabaki na kitambi. Sina ushahidi wa lolote, nasema nilichokiona: stakabadhi kule, kitambi huku. Alikuwa anakuja karibu kila siku amevaa suti ya kaunda, anapita kwenye benchi watu wote wanasimama, shikamoo mzee, marahaba, marahaba, anaingia nyuma ya pazia kwenye mashine ya picha, na kazi yake ilikuwa moja: kutazama magari ya Japani. Magari yaliyotumika. Picha moja ilikuwa inateremka kwa laini yetu ile taratibu mno, kwanza paa, halafu kioo, halafu taa, na yeye anasubiri ameweka mikono juu ya tumbo. Tairi zikitokea anasema "Ahaa," anaenda kwenye gari lingine.

Siku moja programu ikamkata akiwa amefika kwenye taa. Alitoka nyuma ya pazia hasira zimemjaa.

"Binti, mashine yako imenitimua kama mbwa aliyeingia jikoni."

Mimi nilikuwa tayari kumjibu, lakini mjomba alishafika mbele yangu, ameinama, mikono nyuma. "Tusamehe sana mzee wetu. Ni hawa watoto. Ni mambo ya Dar. Tutarekebisha." Akampa mayai ya bure. Trei nzima, mbele ya macho yangu!

Mzee alipoondoka mjomba akanigeukia. "Mashine isimkate mtu mzima bila kumwomba ruhusa."

"Akikataa?"

"Mtu mzima akiombwa vizuri hakatai."

"Na asipojibu? Niweke muda, mjomba. Asipojibu kwa muda fulani, ikate."

Akanitazama kwa masikitiko. "Unamwomba mtu ruhusa, halafu unaondoka kabla hajajibu? Sasa utakuwa umemwomba nini? Mama yako alikufundisha hivyo?"

Mama yangu anaingiaje kwenye modemu, mimi sijui mpaka leo. Lakini duka lilikuwa lake, na mimi nilikuwa nakula kwake. Nikaandika alivyotaka, neno kwa neno, huku nimeuma meno: SAMAHANI MZEE WETU. TUNAOMBA KUKATA LAINI. UNARUHUSU? Chini yake, NDIYO na HAPANA. Na programu inasubiri. Inasubiri mpaka ajibu, hata akae mpaka Pasaka. Mjomba aliisoma mara nyingi, midomo inacheza, akasema sasa imekuwa mashine yenye malezi.

Pale mlangoni petu kulikuwa na mama mmoja wa Matogoro aliyekuwa anauza vitumbua. Mjane, mpole, sauti yake ya chini mpaka ukitaka kumsikia unainama. Alikuwa na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ameomba chuo cha uuguzi akakosa. Mwaka mzima msichana alikuwa nyumbani analima na kukaa. Halafu ikaja habari. Wifi yake yule mama, mfagizi kwenye chuo kimoja cha uuguzi mbali, upande wa ziwa, alituma ujumbe kupitia mtu wa basi: kuna msichana mmoja amejitoa, nafasi iko wazi, nimemwomba mkuu wa chuo amfikirie wa kwetu. Mkuu amekubali, ila anataka kusikia kwa mdomo wa mzazi kwamba mtoto yupo, yuko tayari na atafika. Ijumaa saa nne asubuhi nitapiga simu kutoka ofisini kwake. Wasipomsikia mzazi kabla mkuu hajaondoka mchana kwenda safari, nafasi anapewa mwingine anayengoja hapo hapo mlangoni.

Namba aliyopewa wifi ilikuwa ya mjomba. Yule mama hakuwa na namba ya huko. Hata tungetaka kupiga sisi, tungempigia nani?

Nilimwandika kwenye AHADI mwenyewe, Ijumaa, saa nne. Akaja asubuhi na mapema, amevaa kitenge cha kanisani, vitumbua hakuleta. Nikamwamkia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simu yenu nzima?"

"Nzima mama."

"Basi nashukuru." Akakaa kwenye benchi, miguu pamoja, mikono mapajani. Akaniambia msichana ameshafunga begi tangu jana, amekataa kwenda shamba, amesema atamngoja barabarani. Alikuwa anacheka akisema hivyo, amefunika mdomo.

Na mzee naye akaja. Alikuja mapema kabla ya saa nne, akasimamiwa, akaamkiwa, akaingia nyuma ya pazia kwenda Japani.

Saa ilipofika programu ikafanya kama ilivyolelewa. Niliona kwenye kioo changu: ruhusa imeombwa, inasubiriwa. Nikangoja. Inasubiriwa. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia "Ahaa."

"Mjomba," nikasema, "hajajibu."

"Atajibu. Mpe nafasi asome."

"Amesoma! Amefika kwenye gari lingine!"

Mjomba akajifuta jasho. Akaingia ndani. Nilimsikia akiamkia upya, akiuliza habari za nyumbani, za mahindi, za mvua, za mguu wa mkewe. Akatoka.

"Nimeshamdokeza."

"Umemwambia nini?"

"Nimemuuliza kama hajachoka."

"Akasemaje?"

"Amesema hajachoka kabisa."

Yesu wangu. Nilitamani kumrushia yai. Nikamgeukia yule mama, nikamwambia waziwazi, mama, simu ya wifi yako haiwezi kuingia, laini ameishika mzee aliyemo humo ndani, nenda kamwambie mwenyewe, akusikie wewe mwenye shida. Akanyanyuka. Akajifunga kitenge vizuri. Akafungua pazia kidogo, akapiga goti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Hujambo?"

"Sijambo mzee. Habari za kazi?"

"Nzuri tu. Namalizia."

"Haya mzee. Asante." Akarudi kwenye benchi akaniambia, kwa faraja kabisa, "Anamalizia."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikainama chini ya kaunta kuutafuta waya wa simu niung'oe ukutani. Nilikuwa nimeshaushika. Mkono ukanikamata kifundo cha mkono, mkavu, una nguvu kuliko nilivyotegemea. Yule mama alikuwa amepiga magoti pale chini pamoja nami, kati ya nyaya na trei za mayai.

"Usifanye hivyo mwanangu. Utamwaibisha."

"Mama, mtoto wako anapoteza nafasi!"

"Wifi yangu atajaribu tena. Nikianza safari ya mtoto kwa kumvunjia heshima mtu mzima, si nitakuwa nimemlaani mwenyewe?"

"Niachie, mama. Kosa litakuwa langu."

"Mimi ndiye ninayengoja simu," akasema. "Itakuwa ni mimi nimekutuma." Na hakuniachia. Mjomba naye alikuwa amesimama juu yetu anasema mpwa wangu, mpwa wangu, mbele ya watu, kwa nini unaniaibisha mbele ya watu. Hao watu kwenye benchi walikuwa wanatazama dari. Niliuacha ule waya. Nasema kweli, dakika ile nilimchukia yule mama kuliko nilivyomchukia mzee. Mzee alikuwa bwege na mjomba mwoga, hao niliwazoea. Lakini yeye kilichokuwa kinauawa kilikuwa chake, na alikuwa anakishika miguu ili kisisumbue.

Tukakaa. Ningeweza kusema muda haukwenda, lakini ulikwenda, tena mbio. Jua likaingia mlangoni, likavuka benchi, likafika kaunta. Kioo changu kikawa kinasema kile kile: inasubiriwa. Yule mama alikuwa ameacha kuangalia simu. Alikuwa anaangalia pazia, na kila likitikisika ananyanyuka kidogo, halafu anakaa.

Mzee alitoka saa sita imeshapita, anajinyoosha mgongo. Sikungoja. Nikamuuliza, shikamoo sikumpa, nikamuuliza tu, "Mzee, hukuona maandishi yanayokuomba ruhusa?"

"Niliyaona," akasema. "Yalikuja katikati ya gari. Nikayasogeza pembeni taratibu."

"Kwa nini hukujibu?"

Akanishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, hakuwa na ubaya wowote usoni. "Binti, mimi ni mgeni humu. Yananiuliza naruhusu au siruhusu. Nitaruhusuje kitu kwenye nyumba ya mtu? Nikasema mwenye nyumba yupo, ataruhusu mwenyewe."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali! Nikamwona kwa macho yangu, anaafiki, kwamba mzee amesema neno la busara. Wote watatu walikuwa wameheshimiana vizuri, na mashine yangu katikati yao imeheshimu kuliko wote.

Nikakata laini. Haikupita hata nafasi ya mtu kukaa vizuri, simu ikalia. Nikampa yule mama mkonga. Aliushika kwa mikono miwili.

"Haloo. Ndiyo wifi. Sijambo wifi, shikamoo. Watoto hawajambo?" Akasikiliza. "Eeh. Eeh. Pole wifi, umehangaika. Eeh, laini ilikuwa na watu." Akasikiliza tena, muda. "Ameshaandikishwa huyo mwingine? Eeh. Ameshaingia na bweni. Haya. Na yeye ni mtoto wa mtu. Mwambie mkuu namshukuru sana kwa kutufikiria. Arudi salama safarini. Haya wifi. Haya. Asante."

Akaurudisha mkonga mahali pake, akaupangusa na ncha ya kitenge alipokuwa ameushika. Mzee alikuwa bado amesimama mlangoni anafunga vifungo vya suti. Yule mama akamsogelea, akauliza kwa sauti ile ile ya chini, "Na wewe mzee, gari umelipata?"

"Ah, hapana mama," akasema mzee. "Naangalia tu."

"Haya," akasema yule mama.

Mjomba alianza kumpa pole na yai. Nilimwambia anyamaze, kwa neno ambalo mpwa hamwambii mjomba, na kwa mara ya kwanza hakunirudi. Yule mama akaniuliza kama ninaweza kumsindikiza mpaka Matogoro. Alisema hajui aanzie wapi kumwambia mtoto, na mimi nimesoma, labda ninajua namna ya kusema. Mimi! Niliiacha ile kongwe bila hata kuizima, tukaondoka.

Njiani nilitangulia hatua chache, maana nilichokuwa nacho mdomoni kilikuwa matusi matupu na yeye hakustahili hata moja. Tulipopita kona ya kuanza kupandisha, nikamwona msichana. Alikuwa amesimama kando ya barabara amevaa viatu vyeusi na soksi nyeupe, begi liko chini pembeni yake. Akatuona. Akaona mama yake hayuko peke yake, yuko na mimi, dada wa dukani, yule wa kompyuta, na akadhani mtu kama mimi hapandi Matogoro juani isipokuwa kwa habari njema. Akalichukua begi lake, akaanza kutukimbilia huku anacheka.